Ngozi na Wasomaji Wake: Historia ya Nembo za Wamakonde na Gharama ya Alama Isiyofutika

Ikisiri

Makala haya yanachunguza historia ya alama za kudumu za mwilini katika nyanda za pande mbili za mto Ruvuma, hasa nembo za Wamakonde, tangu karne ya 19 hadi mjadala wa sasa kuhusu tatuu. Hoja yake ni kwamba sehemu kubwa ya madhara ya muda mrefu ya alama hizo haikutokana na jeraha lenyewe, bali na kubadilika kwa wasomaji wake. Alama iliyoandikwa ili isomwe na jamaa, wachumba na wenyeji wa uwanda mmoja ilikuja kusomwa na karani wa watumwa, mtafiti wa makumbusho, askari wa vita na mwajiri. Msamiati wa Kiswahili wa jambo hili, yaani chanja, toja, chale, nembo na tatuu, unatumika kama ushahidi wa kihistoria. Mwishoni makala yanajadili lugha ya kanuni za ajira na afya ambamo msamiati huo unahitaji kutumiwa kwa uangalifu zaidi.

Utangulizi

Mjadala kuhusu tatuu katika miji ya Afrika Mashariki huendeshwa kana kwamba jambo lenyewe limeingia jana kwa njia ya televisheni na simu. Wanaoitetea tatuu huiita uhuru wa kijana juu ya mwili wake. Wanaoipinga huiita uigaji wa Wazungu. Pande zote mbili husahau kwamba kusini mwa Tanzania na kaskazini mwa Msumbiji wangali hai wazee, wanawake kwa wanaume, ambao nyuso zao zilichanjwa kabla hawajapata kuiona televisheni. Wazee hao wana jibu la swali ambalo kijana wa leo hulikabili bila mfano mbele yake: alama isiyofutika humfanyia nini mwenye nayo baada ya miaka 50 au 60?

Nimechagua kisa kimoja, cha Wamakonde wa uwanda wa Newala na wa uwanda wa Mueda, kwa sababu kina nyaraka za kutosha na kwa sababu kimegusa nchi zaidi ya mbili katika eneo letu. Mwandishi wa makala haya ni mtafiti wa lugha, si tabibu wala mwanaanthropolojia. Kwa hiyo tutaanza na maneno.

Msamiati wa ngozi

Kiswahili kina vitenzi viwili vya zamani kwa kazi hii: kuchanja na kutoja. Vyote viwili vinataja chuma kinapoingia katika nyama. Kitenzi kinachotumika kwa ngozi ndicho hicho hicho kinachotumika kwa kuni: mtu huchanja kuni kwa shoka. Matokeo yake huitwa chale au tojo. Chale hazikuwa za urembo tu. Zilikuwapo chale za dawa, ambazo mganga alizipaka unga wa mizizi au majivu ili mgonjwa apone au mwenye hofu akingwe na hasidi. Zilikuwapo pia chale za udugu, ambapo watu wawili wasio wa damu moja walichanjiana na kuwa ndugu wenye wajibu kamili. Usemi wa mitaani wa siku hizi, kwamba fulani “alichezwa na machale” akaondoka kabla ya hatari kufika, unaelekea kuwa masalio ya imani hiyo ya kinga iliyotiwa mwilini.

Chanjo ya ndui ilipoenea katika nchi zetu, wasemaji hawakutafuta neno jipya. Waliona mkono unakwaruzwa na kutiwa dawa, wakasema ni kuchanja. Neno likazoeleka kiasi kwamba leo matone ya polio yanayodondoshwa mdomoni mwa mtoto nayo yanaitwa chanjo, ingawa hakuna ngozi iliyoguswa. Katika kampeni ya kutokomeza ndui, ambayo mgonjwa wake wa mwisho wa maambukizi ya kawaida alipatikana Merka, Somalia, mwaka 1977, wakaguzi walipita wakitazama kovu la chanjo katika mikono ya watu ili kujua ni nani amekwisha kupata kinga. Hata dola ya kisasa, basi, imewahi kuisoma ngozi ya raia kama hati.

Neno nembo lilisafiri upande mwingine. Asikiapo neno hili leo, msemaji wa Kiswahili huwaza Nembo ya Taifa katika barua ya serikali, au nembo ya ubora ya TBS katika mfuko wa saruji. Katika kamusi iliyosimamiwa na Frederick Johnson na kuchapishwa mwaka 1939, nembo ni alama ya kabila inayochanjwa mwilini. Wamakonde wanalo neno hilo hilo, na kwa wingi husema dinembo. Katika muda usiozidi maisha ya mtu mmoja, neno limehama kutoka usoni hadi kwenye karatasi, likaacha jeraha na kubaki na heshima. Mzee wa Newala aliyechanjwa nembo utotoni amezeeka katika nchi ambayo nembo ni ngao, pembe za ndovu au muhuri. Ni watu wachache mjini wanaokumbuka kwamba neno hilo lilianza kwa watu kama yeye.

Tatuu, kwa upande wake, ni neno la Polinesia. Mabaharia wa James Cook walilisikia Tahiti mwaka 1769 kwa umbo linalokaribia tatau, Kiingereza kikalichukua, nasi tukalipokea kutoka huko. Kinachostahili kuangaliwa zaidi ni kitenzi tulichokiambatanisha nalo. Hatusemi kuchanja tatuu, tunasema kuchora. Mtoto huchora mchangani, mwalimu huchora ubaoni, na vyote hivyo hufutika. Kitenzi cha zamani kilimweleza mchanjwaji kwamba atakatwa. Kitenzi kipya kinamwambia kwamba atapambwa. Sidai kwamba kijana huchorwa tatuu kwa sababu ya sarufi. Nasema kwamba lugha ambayo zamani ilikuwa ikitoa onyo imeacha kulitoa.

Mvuto wa nembo

Ni rahisi kwa msomi wa leo kuzieleza nembo kama kitambulisho cha kabila na kuishia hapo. Maelezo hayo ni ya mtu aliyezitazama kwa nje. Jorge Dias na Margot Dias walifanya utafiti katika uwanda wa Mueda mwishoni mwa miaka ya 1950, na kuanzia 1964 wakachapisha juzuu za Os Macondes de Moçambique. Picha na maelezo yao yanaonyesha sanaa iliyokuwa na mafundi wake na mitindo yake. Fundi alikata ngozi kwa kijembe kidogo cha chuma, akafuata mpangilio aliokuwa ameukusudia, kisha akasugua ndani ya majeraha mkaa, ambao mara nyingi ulitokana na mbegu za mbarika. Baada ya kupona, alama zilirudiwa, pengine zaidi ya mara moja, hadi mistari ikawa na weusi wenye kuelekea buluu na ngozi ikainuka. Uso ulibeba mistari yenye pembe, misalaba na nukta. Kifua na mgongo viliongezewa kadiri mtu alivyostahimili. Tumbo la mwanamke, kuzunguka kitovu, pamoja na mapaja yake, vilikuwa na michoro iliyohusiana na uzazi na iliyokusudiwa kuonwa na mume peke yake.

Uzuri, basi, ndilo neno la kwanza. La pili ni ustahimilivu. Kijana aliyekaa kimya chini ya kijembe alionyesha mbele ya mashahidi kwamba angeweza kuvumilia uchungu mwingine uliokuwa unamngoja, wa kuzaa au wa safari na vita. La tatu ni ukamilifu. Wachonga vinyago walilijua hilo vizuri: vinyago vya kichwa vinavyochezwa katika mapiko viliwekewa nembo za nta ya nyuki, kwa kuwa uso usio na nembo haukuwa uso uliokamilika. Vinyago vya mwili vya Wamakonde wa Tanzania, vinavyoonyesha kiwiliwili cha mwanamke mjamzito, hubeba alama hizo hizo zilizoinuka juu ya tumbo la mti. Makumbusho mengi ya Ulaya yana kimojawapo.

Hata hivyo, sioni sababu ya kulipamba jambo lenyewe. Kijana aliyekataa kuchanjwa hakuwa akichagua mtindo mwingine wa maisha. Alikuwa anahatarisha nafasi yake ya kuoa au kuolewa na kuhesabiwa kuwa mtu mzima. Tunapolinganisha nembo na tatuu ya leo, tofauti hii haipaswi kufichwa chini ya neno utamaduni. Mwenye nembo hakuulizwa kwa namna ambayo mteja wa duka la tatuu huulizwa. Lakini alipata kitu ambacho mteja huyo hakipati: jamii nzima iliyojua kuisoma alama yake, na iliyoahidi kwa njia hiyo kumtambua popote katika uwanda ule.

Karani wa watumwa na mtafiti wa makumbusho

Ahadi hiyo ilikuwa na mipaka ya kijiografia. Katika karne ya 18 na ya 19, biashara ya watumwa kupitia Kilwa, Ibo na kisiwa cha Msumbiji iliwatoa watu wa kusini, Wamakua, Wayao, Wamakonde na wengineo, na kuwapeleka hadi visiwa vya mashamba ya miwa, Mauritius na Réunion. Waingereza walipoanzisha usajili wa watumwa huko Mauritius katika miaka ya 1810, daftari ziliandika jina, umri na kimo, na pia alama za mwilini. Jina la mtumwa lilikuwa limekwisha kubadilishwa na bwana wake. Chale hazikuweza kubadilishwa. Kwa hiyo kitu pekee ambacho mtu huyo alikuwa nacho kutoka kwao ndicho kilichomsaidia karani kuhakikisha kwamba mali iliyoandikwa ni ile ile, na kwamba mtoro akikamatwa atajulikana ni wa nani.

Hapa inafaa kutaja maelezo yanayorudiwa sana, hata katika vitabu vya watalii: kwamba Wamakonde walijichanja, na wanawake wakavaa ndonya katika mdomo wa juu, ili wachukize macho ya wafanyabiashara wa watumwa. Maelezo hayo hayasimami. Watu wenye alama waliuzwa, tena alama zao zikaandikwa katika daftari. Na watu hawatengenezi masharti ya uzuri wao, wakayachonga hadi katika vinyago vya sherehe, kwa kukusudia ubaya.

Katika miaka ya 1840, utumwa ulipokuwa umekwisha kufutwa Mauritius, Eugène de Froberville, mzaliwa wa kisiwa hicho, aliwahoji mamia ya watu waliotolewa Afrika Mashariki. Aliandika maneno ya lugha zao, akachora chale zao, na akatengeneza kwa plasta sanamu za vichwa na mabega ya baadhi yao kwa kuwapaka plasta yenyewe usoni. Zaidi ya sanamu 50 zimehifadhiwa Blois, Ufaransa, na katika miaka ya karibuni mwanahistoria Klara Boyer-Rossol amefanya kazi kubwa ya kuziunganisha upya na majina na maisha ya watu hao. Msomaji wa makala haya akiziona picha za sanamu hizo ataelewa haraka pande mbili za jambo tunalolizungumzia. Chale zilizomsaidia karani kumfunga mtu ndizo zinazomsaidia leo mwanahistoria kumrudisha kwao. Lakini zimechukua zaidi ya miaka 150 kufanya kazi hii ya pili, na mwenyewe hakuwapo kuifaidi.

Karl Weule, wa makumbusho ya Leipzig, alifika kusini mwa koloni la Wajerumani mwaka 1906, vita vya Majimaji vikiwa bado havijapoa. Alizunguka Masasi, akakaa Newala na Mahuta, akapiga picha, akarekodi nyimbo kwa fonografu, na kitabu chake cha 1908 kikazipeleka nyuso za Wamakonde katika nyumba za wasomaji wa Ulaya. Picha zake ni hazina kwa mtafiti. Hata hivyo, zilipigwa katika nchi iliyokuwa imetoka kushindwa vitani, na aliyesimama mbele ya kamera hakuwa na njia ya kujua kwamba uso wake utageuka kuwa mfano wa “kabila” katika vitabu vya watu wasiomjua. Nembo ilikuwa imeanza kusomwa kwa alfabeti nyingine.

Mkonge, mpaka na vita

Mpaka wa Ruvuma uliafikiwa baina ya Ujerumani na Ureno mwaka 1886. Uliwapasua Wamakonde katikati, lakini haukuwazuia kuvuka. Katika nusu ya kwanza ya karne ya 20, kodi na kazi za kulazimishwa chini ya Wareno ziliwasukuma wengi kaskazini, kwenye mashamba ya mkonge ya Lindi na Tanga, hadi visiwa vya Zanzibar na pwani ya Kenya. Wale wa kutoka Msumbiji walijulikana Tanganyika kwa jina la Wamawia. Uwanda wa Mueda ulidumisha uchanjaji wa uso mzima kwa muda mrefu kuliko upande wa Newala, na kwa hiyo mgeni alijulikana kabla hajafungua kinywa.

Pwani walikofika ilikuwa na mizani yake. Waislamu walio wengi huhesabu alama ya kudumu ya mwilini kuwa haramu, na lugha ya mji iliyapanga mambo katika jozi ya ustaarabu na ushenzi. Chale za usoni ziliangukia upande wa pili wa jozi hiyo. Haimaanishi kwamba pwani ilikosa hamu ya kuupamba mwili. Tutaona baadaye jinsi ilivyoikidhi. Inamaanisha kwamba mtu aliyeonekana kwao kuwa mzuri na jasiri, alipoteremka Tanga au Unguja alionekana mshenzi, bila ya yeye kubadilika hata kidogo. Wapo waliobadili jina, dini, mavazi na lugha, na watoto wao wakawa Waswahili kamili. Uso haukubadilishika. Katika eneo ambalo watu wamekuwa wakijiunda upya kwa karne nyingi kwa kuhama na kusilimu, hii ndiyo gharama ambayo kwa maoni yangu wanahistoria wameitaja kidogo mno: nembo iliwanyima wahamiaji wa kizazi cha kwanza uwezo wa kuwa watu wengine.

Kisha vita vikaja. Baada ya mauaji ya Mueda ya tarehe 16 Juni 1960, FRELIMO ikaundwa Dar es Salaam mwaka 1962, na mapigano yakaanza Septemba 1964. Uwanda wa Mueda ukawa kitovu cha vita, na maelfu ya watu wakakimbilia Mtwara na Lindi, ambako yalifunguliwa makazi ya wakimbizi kama ya Rutamba. Si vigumu kuona maana ya uso wenye nembo mbele ya askari wa doria katika nchi ambayo eneo lililoasi na kabila lililochanjwa uso vilikuwa karibu kitu kimoja. Kwa upande wake, FRELIMO ilitaka wapiganaji wajione Wamsumbiji kabla ya kujiona Wamakonde au Wamakua, na haikuupenda uchanjaji. Kati ya shinikizo hizo mbili sanaa hiyo ilikufa haraka. Waliozaliwa baada ya vita kuanza, kwa sehemu kubwa, hawana nembo. Msumbiji ilipopata uhuru tarehe 25 Juni 1975, nembo ya taifa ilichapishwa kwenye karatasi, na zile za ngozi zilikuwa zimekwisha kuwa za wazazi.

Kisa cha Wamakonde wa Kenya kinatupa mwisho mwingine. Wazazi wao walifika tangu miaka ya 1930 kufanya kazi katika mashamba ya mkonge na miwa ya pwani. Kwa miongo mingi walihesabiwa kuwa wageni na kukosa vitambulisho, hadi Oktoba 2016 walipotembea kutoka Kwale kwenda Nairobi kuonana na Rais Uhuru Kenyatta. Aliagiza wasajiliwe, na baadaye wakatambuliwa kuwa kabila la 43 la Kenya. Ukabila ambao wazee wao waliuandika usoni kwa kijembe sasa uliandikwa katika gazeti rasmi la serikali. Ni maandishi haya ya pili tu yaliyomwezesha mtu kufungua akaunti ya benki.

Hina, piko na sindano

Nilisema kwamba pwani iliikidhi hamu ya urembo kwa njia yake. Hina, wanja na piko humpa bibi harusi mikono iliyojaa maua, na baada ya wiki mbili au tatu maua hayo yamekwisha. Ni urembo unaomruhusu mtu kubadili nia. Kwa macho ya mwanahistoria, hina ni jibu la kiakili kwa tatizo lile lile lililowakuta wenye nembo: jinsi ya kusema jambo kwa ngozi bila kulisema milele. Kwa bahati mbaya, kile kinachoitwa piko siku hizi mara nyingi ni rangi ya nywele yenye kemikali ya parafenilenidiamini, ambayo haikutengenezwa kwa ajili ya ngozi. Inaweza kuleta malengelenge na kovu, na aliyedhurika mara moja hubaki na mzio wa rangi hiyo maishani. Urembo wa wiki mbili umepata madhara ya kudumu kwa sababu ya haraka ya kutaka weusi upatikane kwa saa moja.

Tatuu ya mashine, iliyopewa hataza New York mwaka 1891 kwa jina la Samuel O'Reilly, huingiza wino katika tabaka la pili la ngozi. Huko wino humezwa na seli za kinga. Utafiti wa panya uliochapishwa mwaka 2018 na wanasayansi wa Marseille ulionyesha kwamba seli hizo zikifa, zinazozifuata huumeza tena wino ule ule. Ndiyo maana mchoro hudumu ingawa seli hazidumu. Mkaa wa mbarika katika ngozi ya mzee wa Mueda unaelekea kutunzwa kwa njia hiyo hiyo. Tofauti ni kwamba mkaa ni kitu kimoja, wakati wino wa dukani ni mchanganyiko ambao mara nyingi mchoraji mwenyewe hawezi kuueleza. Chembe zake husafiri hadi katika tezi za limfu. Rangi nyekundu hasa husababisha mzio unaoweza kujitokeza miaka mingi baadaye. Umoja wa Ulaya ulidhibiti maelfu ya kemikali za wino wa tatuu kuanzia Januari 2022. Wino uliokataliwa katika soko moja hutafuta soko lingine, na mtunga sera wa eneo letu anapaswa kujiuliza unaelekea wapi.

Kuhusu kufuta, leza huvunja chembe za wino kwa vipindi vingi vya gharama kubwa. Weusi hutoka kwa urahisi kuliko kijani au manjano. Kwa ngozi nyeusi, leza isiyoongozwa na mtaalamu huweza kuacha baka jeupe mahali pa mchoro, na mtu mwenye mwelekeo wa kupata makovu ya kuvimba huhatarisha kubadilisha alama moja kwa nyingine. Nembo za Wamakonde haziondoki kwa leza hata kwa nadharia, kwa kuwa ni rangi na kovu kwa pamoja. Na sindano, kama wembe wa chale za mganga, ikipita kutoka mwili mmoja hadi mwingine hupitisha virusi vya UKIMWI na homa ya ini ya aina ya B na C. Jambo hilo lilieleweka katika kampeni za UKIMWI, pale wananchi walipohimizwa kila mmoja awe na wembe wake. Onyo hilo la zamani la wembe linahitaji kuhamishiwa katika vyumba vya tatuu vya mijini kwa lugha ile ile nyepesi.

Lugha ya kanuni

Matangazo ya ajira ya Jeshi la Polisi la Tanzania yamekuwa yakitaka mwombaji asiwe na alama za kuchorwa mwilini. Sina haja ya kujadili kama jeshi lina haki ya kuweka sharti la namna hiyo, linayo. Ninachojadili ni maneno. Je, alama za kuchorwa ni pamoja na za kuchanjwa? Kijana aliyechanjwa chale za dawa kifuani akiwa na umri wa mwaka mmoja, kwa uamuzi wa bibi yake, yumo au hayumo? Msichana wa Kidatoga mwenye vialama kuzunguka macho, vilivyowekwa utotoni kwa desturi ya kwao, ahesabiwe pamoja na mtu mzima aliyelipa fedha achorwe nge shingoni? Kwa sarufi ya Kiswahili jibu ni hapana, kwa sababu kuchora si kuchanja. Lakini mkaguzi aliye mbele ya foleni ya waombaji hatumii sarufi, hutumia macho. Tangazo lisilotofautisha linamwachia mtu mmoja uamuzi kuhusu historia ya mwili wa mwingine, na tumeona katika kurasa zilizotangulia jinsi uamuzi wa namna hiyo ulivyowahi kufanywa.

Pendekezo la kwanza kwa watunga sera ni dogo na halina gharama: matini za ajira, za uchangiaji damu na za leseni za biashara zitumie maneno matatu yaliyo tofauti. Chale iwe alama ya kukatwa, iwe ya desturi au ya dawa. Tatuu iwe alama ya wino ulioingizwa kwa sindano. Mchoro wa muda uwe hina, piko na mfano wake. Neno nembo, nadhani, limekwisha kuchukuliwa na dola na halirudi. Masharti ya ajira yaseme wazi kwamba chale za desturi au za dawa alizochanjwa mtu akiwa mtoto hazimwondoi katika kinyang'anyiro.

Pendekezo la pili linahusu fomu ya ridhaa katika vyumba vya tatuu, pale ambapo mamlaka za afya zitaamua kuvisajili. Umri wa chini uwe miaka 18, chombo cha wino kiwe na orodha ya viambato, na sindano ifunguliwe mbele ya mteja. Fomu yenyewe iandikwe kwa Kiswahili, na katika sentensi yake ya kwanza kitenzi kisiwe kuchora. Kiwe kuchanja.